Nguvu mara mbili, muda si nusu

Mbio za drag za Marekani, za kushindana kuongeza kasi kwenye njia nyoofu, kwa desturi hukimbiwa robo maili, yaani mita 402, gari likianza limesimama. Ukijua uzito na nguvu za injini unaweza kukadiria muda wake. Wengi hukosea kwa sababu hukadiria kwa kugawanya tu.

Dhana: nguvu zikiwa mara mbili, muda unakatika nusu.

Muda hufuata kipeuo cha tatu. Gawanya kilo kwa nguvu farasi, tafuta kipeuo cha tatu cha jibu, kisha zidisha kwa 7.58, namba iliyotokana na magari halisi. Chukua gari la kilo 1,500 lenye nguvu farasi 200. Ukigawanya unapata 7.5, kipeuo chake ni 1.957, muda ni sekunde 14.8. Lifunge injini ya nguvu farasi 400: sekunde 11.8. Gharama yote hiyo imekununulia sekunde tatu! Kuukata muda nusu kunadai nguvu farasi 1,600, mara nane. Kadiri mwendo unavyopanda, nguvu zilezile husukuma kwa kani ndogo zaidi, na gari lenye kasi huimaliza njia mapema, kabla nguvu zake hazijafanya kazi ya kutosha.

Dhana: uzito ni ule wa kwenye kadi ya gari.

Dereva na mafuta navyo vinasukumwa. Ukimsahau dereva wa kilo 80, hesabu inakosea kwa takribani robo sekunde, na mwishoni mwa njia gari letu la kwanza hukata mita 11 kwa muda huo.

Dhana: muda ndio kipimo cha nguvu.

Hapa ndipo ninapowasihi wenye magari waisome karatasi ya matokeo vizuri. Tairi zikizunguka palepale mwanzoni, muda unaharibika sana, lakini kasi ya mwishoni haibadiliki sana. Basi gawanya kasi hiyo, kwa kilomita kwa saa, kwa 289, tafuta kipeo cha tatu cha jibu (jibu × jibu × jibu), kisha zidisha kwa kilo. Kasi ya 148 kwa gari letu inarudisha nguvu farasi 200 hivi. Kasi ikiwa nzuri na muda mbaya, usiiguse injini. Shughulikia tairi na namna ya kuondoka.

Dhana: gari ni lilelile popote.

Bandimere, njia ya mbio za drag karibu na Denver, Marekani, iliyofungwa 2023, ilikuwa mita 1,770 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa huko ni nyepesi, na injini isiyo na turbo, kifaa cha kuisukumia hewa zaidi, hupoteza karibu sehemu moja ya sita ya nguvu. Sekunde 14.8 za pwani zinakuwa 15.7. Nairobi nayo iko karibu na kimo hicho.