Je, wajua kwa nini kamera kongwe ya megapikseli 12 huishinda mpya giza likianza kuingia?

Weka kamera mbili mezani. Ya kwanza ni Nikon D3, kamera ya kazi iliyotoka mwaka 2007: megapikseli 12, hairekodi video kabisa, na kadi zake ni CompactFlash, zile pana ambazo siku hizi mpaka uzitafute. Ya pili ni Nikon Coolpix P1000 ya mwaka 2018: megapikseli 16, video ya 4K, na lenzi isiyotoka inayovuta mara 125. Ukisoma sifa zilizoandikwa kwenye boksi, mpya inaongoza karibu kila mstari. Mchana, ukimlenga ndege aliye ng'ambo ya ziwa, inaongoza kweli. Lakini ingia nazo zote mbili kwenye ukumbi wenye taa hafifu, mambo yanageuka. Picha za D3 zinabaki safi, za P1000 zinajaa chenga.

Imekuwaje kamera iliyotangulia kwa miaka 11, tena yenye megapikseli chache, ikaona vizuri zaidi gizani?

Kwanza tuelewane majina. DSLR, kama D3, ni kamera yenye kioo ndani: mwanga unaingia kwenye lenzi, unagonga kioo, unapanda hadi jichoni mwako. Ukibonyeza kitufe, kioo kinainuka na mwanga unaangukia sensa. Lenzi zake hubadilishwa kulingana na kazi. Kamera ya daraja, kama P1000, imeitwa hivyo kwa kuwa inakaa katikati ya kamera ya mfukoni na DSLR. Umbo na mshikio wake vinafanana na vya DSLR, ila haina kioo, na lenzi iliyozaliwa nayo ndiyo itakayokufa nayo.

Jibu la swali letu linaanzia kwenye sensa, kile kipande cha silikoni kinachopokea mwanga. Sensa ya D3 ina milimita 36 kwa 24 hivi, ukubwa uleule wa fremu ya filamu ya milimita 35. Sensa ya P1000 ina kama milimita 6.2 kwa 4.6, ukucha wa kidole cha mwisho unaifunika yote. Zidisha upate eneo: milimita za mraba 864 kwa 28. Ya zamani ni kubwa zaidi ya mara 30. Halafu ndani ya kale kaeneo kadogo wamebana pikseli milioni 16, wakati kwenye uwanja mpana wa D3 zimetandazwa milioni 12 tu. Pikseli moja ya D3 ina upana wa mikromita 8.4 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), ya P1000 ina 1.3. Kwa eneo, moja ya kongwe inameza karibu 40 za mpya.

Sasa tazama manyunyu yanapoanza kudondoka kwenye sakafu ya vigae. Ukiwa na vigae vidogo vya mosaiki, sekunde za mwanzo utaona kimoja kimepata matone matatu, jirani yake moja, kingine kikavu kabisa, ingawa mvua ni ileile. Vigae vikiwa vikubwa, kila kimoja kina matone mamia na tofauti kati yake huioni. Mwanga nao huja kwa punje, ziitwazo fotoni, na punje hizo hudondoka kwa bahati nasibu vilevile. Chenga unazoziona kwenye picha ya gizani kwa sehemu kubwa ndizo hizo: pikseli jirani, zinazotazama ukuta mmoja wenye rangi moja, zimepata hesabu tofauti za punje.

Hesabu yake ni nyepesi. Kuyumba kwa namba hizo hufuata kipeuo cha pili: ukitarajia punje 400, kuyumba kwa kawaida ni 20, yaani asilimia 5. Hapohapo, kwa mwanga uleule, pikseli iliyo ndogo mara 40 inapata punje 10, na kuyumba kwake ni kama 3, yaani zaidi ya asilimia 30. Ukuta mweupe kwenye kamera ya kwanza ni mweupe. Kwenye ya pili una madoa kama unga uliopigwa na upepo.

Wapo wanaosema sensa za kisasa zimeshafuta pengo hilo. Zimepunguza, na ni kweli ni kazi nzuri ya uhandisi: sensa ya P1000 imegeuzwa mgongo ili nyaya zake zisizibe mwanga, kitu ambacho D3 haina. Ila kuna dari. Tuseme sensa kongwe inakamata fotoni moja tu katika kila nne. Mpya ikikamata zote nne, faida ni mara nne, na hapo imefika mwisho, maana haiwezi kukamata fotoni ambayo haikufika. Pengo la eneo lilikuwa la zaidi ya mara 30. Miaka 11 ya maarifa haiwezi kulijaza.

Kinachofanyika badala yake ni programu ya ndani ya kamera kusugua chenga kabla picha haijahifadhiwa. Vuta picha kama hiyo kwenye skrini uone nywele za mtu: nyuzi hazipo tena, kuna utando mmoja laini kama uliopakwa kwa brashi. Afadhali chenga kidogo zenye nywele ndani yake kuliko ulaini huo, nami sioni haya kulisema hilo kwa sauti.

Lakini tusiionee kamera ya daraja. Udogo uleule unaoinyima mwanga ndio unaoipa macho ya mbali, na hapa ndipo watu wengi hawaelewi. Tangazo linasema lenzi ya P1000 inafika milimita 3000 (namba hii ikiwa kubwa, lenzi inavuta mbali zaidi). Ukweli, urefu wake halisi wa mwisho ni milimita 539. Hizo 3000 ni namba ya ulinganisho, yaani sensa ndogo inakata kipande kidogo sana cha mandhari hivi kwamba unaona kile ambacho D3 ingekiona kwa lenzi ya milimita 3000. Kuijengea D3 lenzi ya namna hiyo yenye f/8, yaani urefu wa lenzi ukigawa kwa 8 unapata upana wa tundu, tundu lake lingehitaji upana wa sentimita 37.5, upana wa sinia. Lenzi ya P1000 inamaliza kazi kwa sentimita 6.7, na unaibeba begani.

Mfano mzuri ni mwezi. Mwezi mpevu ukiuchukua kwa D3 yenye lenzi ya milimita 300, taswira yake kwenye sensa ina upana wa milimita 2.7, sawa na pikseli 320. Shimo la Tycho, lile lenye miale upande wa kusini, lina upana wa kilomita 85 hivi. Kwenye picha hiyo limepewa pikseli 8. Ni nukta. Chukua P1000, vuta hadi mwisho: taswira ya mwezi ina karibu milimita 4.9 wakati sensa ina kimo cha 4.6, kwa hiyo mwezi hauenei kwenye fremu, unakatwa juu na chini. Tycho sasa lina pikseli karibu 90. Unaona kuta zake na kilima kilichosimama katikati. Mara ya kwanza kukiona kilima kile nikiwa nimeshika kamera mkononi, nilinyamaza kimya kwa muda.

Na kumbuka mwezi unamulikwa na jua lilelile la mchana, ndiyo maana sensa ndogo haitaabiki nao ingawa kwetu ni usiku.

Hizo pikseli 90, hata hivyo, si zote za kweli. Mwanga ukipita kwenye tundu hutawanyika, na nukta moja ya nyota haiangukii kwenye sensa kama nukta bali kama kiduara. Kwa f/8 kiduara hicho kina upana wa mikromita 11 hivi. Kwa D3 ni zaidi kidogo ya pikseli moja, hakina madhara. Kwa P1000 kinafunika pikseli 8 kwa upana. Ndiyo sababu picha zake za mwisho wa zumu zina wororo fulani ambao haunoleki kwa programu yoyote: si kosa la lenzi wala la mkono wako, ni tabia ya mwanga wenyewe. Ongeza hewa yenye joto inayopepea juu ya lami au maji mchana, na kitu kilicho kilomita mbili mbali kitacheza kama kiko ndani ya birika. Zumu kubwa inavuta hewa hiyo pamoja na kitu chenyewe.

Kuna jambo lingine ambalo kwenye boksi haliandikwi vizuri: fokasi, yaani kuirekebisha lenzi ili picha iwe kali. D3 ina kitambuzi cha pembeni chenye vituo 51 kinachogawa mwanga wa lenzi sehemu mbili na kuzilinganisha. Zisipooana, kamera inajua papo hapo imekosea upande gani na kwa kiasi gani, inaizungusha lenzi mara moja, imemaliza. P1000 hutazama ukali wa picha yenyewe: inasogeza lenzi kidogo, inauliza kama pameimarika, inasogeza tena, inapita, inarudi. Kwa mnara au mwezi hakuna tatizo. Kwa mbayuwayu anayekata kona angani, kurudirudi huko kunatosha kumpoteza. Pia kwenye D3 unatazama mwanga halisi kupitia kioo, hakuna kuchelewa; kwenye ya daraja unatazama kiskrini kidogo, na ukiwa umevuta mwisho, ndege akitoka kwenye fremu kumrudisha ni kama kumtafuta mtu sokoni kwa kuchungulia kwenye bomba.

Ulaini wa nyuma ya mtu, ule unaopendwa kwenye picha za sura, nao unategemea upana halisi wa tundu. Lenzi ya milimita 85 f/1.8 kwenye D3 ina tundu la milimita 47. Kwa mkao uleule, P1000 hata ingekuwa kwenye f/2.8 yake isingefika milimita 6. Hapo hapana mjadala.

Kuhusu uzito, watu hushangaa: P1000 ina kilo 1.4 na D3 bila lenzi ina kilo 1.2. Mizani hubadilika ukianza kufunga lenzi, kwani ya milimita 400 f/2.8 ya zama zile ilizidi kilo 4. Betri ya D3 kwa kipimo cha kawaida cha viwanda ilitoa picha 4,300. Ya P1000 hutoa 250, kwa hiyo usitoke na moja. Na ukinunua DSLR iliyotumika, uliza shata, lile pazia la ndani linalofunguka kupitisha mwanga, imebonyezwa mara ngapi. Ya D3 ilijaribiwa hadi mara 300,000, na kamera za waandishi wa habari hufika huko bila kelele.

Kati ya hizi mbili ipo njia ambayo mimi naiheshimu sana: kamera za daraja zenye sensa ya inchi moja, kama Sony RX10 IV ya mwaka 2017. Jina la inchi lisikudanganye, sensa ni milimita 13.2 kwa 8.8. Bado ni ndogo mara 7 kuliko ya D3, lakini ni kubwa mara 4 kuliko ya P1000. Lenzi inaishia sawa na milimita 600 kwa f/4, na fokasi yake inatumia mbinu ya kugawa mwanga kama ya DSLR, picha 24 kwa sekunde. Hao wahandisi walikubali kupunguza zumu ili wapate mwanga, na nadhani waliamua sawa.

Ukitaka kuona mahali hasa ambapo njia zinaachana, kaa kando ya maji ukimsubiri mdiria ashuke kuvua. Bawa lake linahitaji kasi ya 1/1000 ya sekunde, hiyo usiiguse. Jua likiwa juu, P1000 kwa f/8 inahitaji ISO (kiwango cha usikivu wa sensa kwa mwanga) 250 hivi, na picha itapendeza. Mwenye D3 atakuwa anajuta ndege ni mdogo kwenye fremu. Muda mfupi baada ya jua kuzama, mwanga umeshuka mara 64. P1000 sasa inaomba ISO 16,000, na mwisho wake ni 6400. Huna budi kushusha kasi hadi 1/400, chenga zimejaa, na bawa limekuwa ukungu. D3 yenye ile lenzi ya f/2.8 inahitaji ISO 2000 tu, kasi imebaki 1/1000, na mwenyewe, aliyejificha kwenye matete mita chache kutoka kwenye tawi tangu saa kumi, bado anabonyeza.