Msemaji kasema, nani kasikia? Dhana potofu za taarifa kwa umma

Taarifa nyingi kwa vyombo vya habari hufia mezani kwa mhariri, na chuki haihusiki. Mhariri wa habari za saa mbili usiku kasoma aya ya kwanza, kakuta "napenda kuchukua fursa hii adhimu". Kashuka ya pili, kakuta vyeo vya wageni waalikwa. Saa inakimbia, kavuta karatasi nyingine. Aliyeiandika, huko ofisini kwake, anaamini amefanya kazi ya kupigiwa mfano, maana ndivyo alivyofundishwa.

Dhana: Taarifa isiyo na itifaki ni utovu wa adabu

Itifaki ni ya jukwaani. Mwenyekiti wa mtaa akirukwa mkutanoni ana haki ya kununa, lakini karatasi inayokwenda redioni haina wa kununa. Aya yake ya kwanza ibebe nani, nini, lini na wapi. Shukrani zikiachwa nje hakuna atakayezitafuta. Tuseme bomba kuu linatengenezwa. "Kutokana na maboresho ya miundombinu, kutakuwa na upungufu wa huduma katika baadhi ya maeneo" ni sentensi isiyo na kosa hata moja la sarufi, na mkazi wa Kimara akiisikia hajui kama yumo au hayumo. Mwambie: "Maji yatakatika Kimara kuanzia Jumanne asubuhi hadi Jumatano jioni. Jazeni ndoo Jumatatu." Hapo hata jirani asiye na redio atapata habari.

Dhana: Maneno makubwa huipa hoja uzito

Mwalimu Nyerere alitafsiri tamthilia za Shakespeare kwa Kiswahili, kwa hiyo msamiati haukumpungukia. Lakini Novemba 1978, majeshi ya Idi Amin yakiwa yamevamia Kagera, alipolihutubia taifa alishika nomino tatu: uwezo, sababu, nia. Kila moja akaifunga kwa neno lile lile, kwamba tunao au tunayo. Hakuna aliyehitaji kamusi, na hata watu waliozaliwa miaka mingi baadaye wanaijua hotuba hiyo kwa maneno hayo matatu. Sarufi yetu yenyewe ilimbeba: "tunao" na "tunayo" zikipokezana, sikio linapata mwangwi. Linganisha na "utekelezaji wa mikakati shirikishi ya uhamasishaji jamii". Nimeiandika mara moja tu hapa na tayari nimeichoka.

Dhana: Kaulimbiu ikivutia, kazi imekwisha

Wapenzi wa kaulimbiu hupenda kukumbusha "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973. Husahau kilichokuwa nyuma yake. Vijijini watu waliketi vikundi vikundi kuzunguka redio, wakiongozwa na wenzao waliopewa mafunzo. Kipindi kikiisha walijadiliana, kisha wakapanga la kufanya: kuchimba choo, kufyeka majani, kufukia madimbwi ya mbu. Walioshiriki walikadiriwa kufika milioni 2. Maneno yale matatu yalikuwa jina tu la kazi hiyo. Siku hizi tunachapa jina kwenye fulana na kofia, tunapiga picha ya pamoja, tunatawanyika.

Dhana: Uvumi huzimwa kwa kuukanusha

Hapa ndipo wenye nia njema huharibu zaidi. Chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi, ilipoanza kutolewa Tanzania nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, minong'ono ya ugumba ilikuwepo, kama ilivyowahi kuziandama chanjo nyingine. Mkono wa afisa habari hukimbilia kuandika kwa herufi kubwa: "Chanjo haisababishi ugumba." Mama anayelisoma bango kwa jicho moja, daladala ikiondoka, anabaki na maneno mawili kichwani: chanjo, ugumba. Ule mwanzo wa "hai-" ni mdogo mno kubeba mzigo wote huo. Na ambaye hakuwa ameusikia uvumi, sasa kausikia, tena wenye nembo ya serikali.

Anza na ukweli: chanjo hii inamkinga binti na saratani ya mlango wa kizazi, saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Uvumi utaje mara moja, katikati, ueleze kwa nini si kweli, kisha urudi kwenye kinga. Na msemaji achaguliwe vizuri. Nesi wa zahanati aliyempeleka bintiye mwenyewe kuchanjwa atasikilizwa kuliko kiongozi anayesoma karatasi, kwa sababu mzazi huamua jambo hili nyumbani, akimfikiria mtoto mmoja anayemjua kwa jina.

Dhana: Ukikaa kimya, habari itakufa

Itaendelea bila wewe. Mwandishi mwenye dakika mbili za kujaza hewani atazijaza kwa shuhuda wa barabarani, au kwa mpinzani wako. Kama jibu huna, sema unachokijua, unachokifuatilia na saa utakayorudi. Halafu urudi kweli saa hiyo.

Dhana: Ukisema "hii usiiandike", umejikinga

Ni kinga pale mlipokubaliana wote wawili kabla hujafungua mdomo. Ukiisema baada ya kumwaga yote, mwandishi hana deni kwako. Na kile kipaza sauti ulichobandikiwa kwenye ukosi wa shati kinaendelea kunasa mpaka kivuliwe, hata kama umeshasema asante na unatafuta funguo za gari.