Haini si msaliti aliyepandishwa cheo

Kila kesi ya uhaini ikitajwa kwenye habari, mtu hujitokeza kutufafanulia kwamba uhaini ni usaliti tu, ila mkubwa, wa kitaifa. Hapana. Ukianzia hapo, siku mbili baadaye utamwita haini kila aliyeisema serikali vibaya, na mbunge aliyehama chama pia. Chama si dola, jamani.

Haini ni Kiarabu, khā'in, na limefika kwetu kwa njia ya kawaida kabisa: kh imelainika kuwa h kama katika habari na hatari, hamza ya katikati, yaani sauti ya kukatiza pumzi kooni, imedondoka kama katika naibu, irabu imeongezwa mwishoni. Ndugu zake ni hiana na kitenzi hini, yaani kumnyima mtu anachostahili. Kinachoziunganisha zote ni amana. Hadithi ya alama tatu za mnafiki inajulikana: akisema husema uongo, akiahidi hatimizi, akiaminiwa hufanya hiana. Akiaminiwa! Haini lazima awe ameaminiwa kwanza. Jeshi la adui likivuka mpaka na kuchoma vijiji, askari wake si mahaini, hawakukabidhiwa kitu. Sheria nayo imesimama papo hapo: kifungu cha 39 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinamhusu mtu mwenye wajibu wa utii kwa Jamhuri ya Muungano.

Kusaliti hakuhitaji nchi. “Mmoja wenu atanisaliti,” anasema Yesu katika Biblia ya Kiswahili, na Yuda amebaki msaliti hadi leo. Sijasikia anayemwita haini. Kinachochekesha ni kwamba jina la Waingereza la uhaini, treason, kupitia Kifaransa cha kale, lilitoka kwa Kilatini tradere, kukabidhi, na kumkabidhi mtu kwa maadui ndiko alikofanya Yuda. Kwa hiyo shina lao linamfaa msaliti, lakini tafsiri tunayoiandika mahakamani ni uhaini. Iko sahihi. Tafsiri hufuata kosa, si shina.

Halafu kuna mhaini. Haini tayari ni mtenda, kama hakimu na kadhi, na wingi wake ni mahaini. Hakuna anayesema mhakimu. Kama ni kuunda mtenda kutoka kuhini, tungepata mhini. Mhaini ni chotara. Hata hivyo magazeti yanaliandika, watu wanalisema, na sina tena uhakika kama kulisahihisha ni kazi au ukaidi. Mimi huandika haini, la mwenzangu silikati.

Sasa kosa lenyewe. Kumuua Rais au kujaribu kumuua, na kuipiga vita Jamhuri: haya yako wazi, na adhabu ni kifo. Linalosahaulika ni kosa limetendwa dhidi ya nani. Wanachama 18 wa chama cha upinzani cha CUF walishtakiwa kwa uhaini dhidi ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, na mwaka 2000 Mahakama ya Rufani ikasema kosa hilo haliwezi kutendwa dhidi ya Zanzibar, kwa kuwa si dola yenye mamlaka kamili. Linatendwa dhidi ya Jamhuri ya Muungano. Hakukuwa na haja ya kufika kwenye ushahidi.

Kumtukana Rais, basi, si uhaini. Hapo wengi hutaka nimalizie, nami nasita, kwa sababu ya kifungu kidogo cha pili cha kifungu hicho hicho cha 39. Kinagusa nia: kukusudia kumwondoa Rais au kuipindua Serikali kwa njia haramu, na kuidhihirisha nia hiyo kwa tendo la wazi au kwa kuchapisha maandishi. Kenya, kifungu cha 40 cha Kanuni ya Adhabu yao kina maneno ya ukoo huo huo, na babu yao ni sheria ya Uingereza ya mwaka 1351 iliyokataza hata kuwazia kifo cha mfalme. Maandishi gani yanadhihirisha nia, na yapi ni hasira tu? Kifungu hakitoi kipimo.