Bahasha iliyoandikwa 1x3x5/7

Aliingia bibi mmoja wa Mabokweni, kajitanda kanga, mkoba wa ukili begani, bahasha ya dawa mkononi. Nikamwamkia. "Marahaba mwanangu," akasema, "hebu nisomee hapa. Nimepewa dawa ya kifua, nafika nyumbani mjukuu ananiambia imekwisha muda wake tarehe tano mwezi wa saba. Ndiyo nini kunipa dawa mbovu mtu mzima mimi?"

Nikaitazama. Kwa kalamu ya bluu, mwandiko wa mbio: Amoxicillin 500mg, 1x3x5/7.

Mjukuu hakukosea sana. Mtu yeyote aliyesoma shule akiona 5/7 anaona tarehe, au sehemu kama za hesabu za darasa la nne. Na kweli ni sehemu: siku 5 katika 7 za wiki. Yote kwa pamoja ni kidonge 1, mara 3 kwa siku, kwa siku 5. Kwa mtindo huohuo 2/52 ni wiki mbili, maana mwaka una wiki 52, na 3/12 ni miezi mitatu. Ni mazoea tuliyorithi kwa Waingereza, na sisi tulio nyuma ya kaunta tumeyazoea hadi hatuyaoni tena. Bibi alikuwa amebeba kibahasha kizima cha dawa nzuri, hajameza hata kidonge kimoja kwa siku mbili.

Mimi ni mfamasia, famasi yetu iko Ngamiani, Tanga mjini, kwenye zile barabara zetu zenye namba badala ya majina. Swali ninaloulizwa kuliko yote si la bei. Ni "hapa pameandikwa nini?"

Vifupisho vingi vya cheti cha dawa ni Kilatini. BD ni bis die, mara mbili kwa siku. TDS ni ter die sumendum, ya kutumiwa mara tatu kwa siku. QID, mara nne. Nocte, usiku. Stat ni kipande cha statim, yaani sasa hivi, papo hapo. Na ile Rx iliyokaa juu ya cheti si jina la dawa. Ni recipe, "chukua", amri ambayo tabibu anampa mtengeneza dawa. PRN ni pro re nata, pale inapohitajika, na hiki ndicho kinachonipa wasiwasi, kwa sababu mgonjwa akiambiwa "meza ukisikia maumivu" hasikii kwamba kuna kikomo. Panado ya miligramu 500, mtu mzima hapaswi kuvuka vidonge 8 kwa saa 24, hata kama kichwa kinapasuka.

Kingine ni OD. Kwenye vidonge, sisi tunaisoma omni die, mara moja kwa siku. Kwenye matone ya macho, herufi hizohizo ni oculus dexter, jicho la kulia. Marekani ukisema OD wengi wataelewa mtu amezidisha dawa. Kwa hiyo ukinitumia picha ya kipande cha karatasi kwa simu, kimekatwa, kina OD peke yake, usitegemee jibu. Nitumie karatasi yote.

Vingine vinaua kabisa. Insulini ikiandikwa 10U kwa mwandiko mbaya, ile U inafanana na sifuri, na vipimo 10 vinakuwa 100. Alama ya maikrogramu, µg, ikisomwa kama mg, dozi imezidishwa mara 1,000. Ndiyo maana mwaka 2004 chombo kinachokagua hospitali Marekani, Joint Commission, kilitoa orodha ya vifupisho vilivyopigwa marufuku, na U ilikuwamo. Ilikuwamo pia ile desimali yenye sifuri nyuma: andika 1.0 mg, nukta isionekane, mtu anapewa 10. Mimi naandika "vipimo" kwa herufi zote. Wino haujawahi kuniishia kwa sababu hiyo.

Lakini nisiwatupie lawama zote Walatini. Kosa kubwa kuliko yote niliyoyafanya hapa dukani nilifanya kwa Kiswahili safi.

Kijana wa bodaboda anayeegesha nje alikuwa na jipu la jino. Nikampa vidonge 15, nikamwambia vizuri kabisa, "Meza kimoja kila saa nane." Siku ya nne asubuhi karudi, shavu bado limevimba. "Dada, dawa yako haifanyi kazi, na nimemeza kila saa nane kama ulivyosema." Nikaomba kuona pakiti. Vimebaki 12. Alikuwa anameza kila siku, bila kukosa, saa nane mchana.

Alinitii neno kwa neno. "Saa nane" kwetu ni urefu wa muda na ni mahali pa mshale pia, na hakuna aliyemwambia mimi nilikusudia ipi. Ile dawa yenyewe, amoksilini, nusu ya kiasi kilicho kwenye damu hutoka kwa takriban saa moja tu. Zikipita saa nane imebaki kidogo mno. Zikipita 24, vijidudu vimeshapumua, vimekula, vimezaana. Tangu siku hiyo nasema "zikipita saa nane, meza tena," na namtaka mtu anitajie mwenyewe saa zake tatu kabla hajaondoka.

Maabara nako kuna mtego wa aina hii. Mtu anaambiwa majibu yake ni chanya, anatabasamu. Chanya si jambo jema siku zote? Kwenye kipimo cha malaria chanya maana yake vimelea vimeonekana, hasi maana yake havikuonekana. Ninapomwelezea mtu naacha maneno yote mawili, nasema unayo au huna.

Wapo wanaoniuliza kwa nini tusiwe na vifupisho vyetu. Tunavyo, na kimoja ni kizuri kuliko vingi vya wazungu: UKIMWI, Upungufu wa Kinga Mwilini. Hakikuokota herufi moja moja, kimechukua silabi, kikawa neno linalotamkika na kuingia kwenye ngeli bila kelele. VVU, Virusi vya UKIMWI, hakijabahatika hivyo. Na si kwamba dunia inatupa tu maneno. Homa iliyozuka upande wa Newala mwaka 1952 madaktari wa kila nchi wanaiita chikungunya, neno la Kimakonde la kitu kinachomkunja mtu, kwa jinsi viungo vinavyouma hadi mgonjwa anajikunja. Mmakonde hakuhitaji Kilatini.

Turudi kwa bibi. Kumwambia "mara tatu kwa siku" kusingetosha, kwa sababu wengi hufuata chakula: chai saa 2 asubuhi, mchana saa 8, usiku saa 2. Hesabu mapengo yake: saa 6, saa 6, halafu saa 12 nzima bila dawa. Amoksilini haidai chakula, kwa hiyo hapa Tanga nina saa nyingine, inayosikika mtaa mzima hata kwa asiyesali. Alfajiri ni kama saa 11 na nusu. Adhuhuri, saa 7 mchana. Isha, saa 2 usiku. Mapengo ni saa 7 na nusu, 7, na 9 na nusu. Si nane kamili, lakini yanaishinda sahani ya wali.

Nikachukua bahasha mpya, nikaandika kwa herufi kubwa: KIDONGE KIMOJA. ALFAJIRI. ADHUHURI. ISHA. SIKU TANO. Nikamsomea, nikamwomba naye anisomee. Akasoma taratibu, kidole juu ya kila neno, kisha akanitazama juu ya miwani.

"Na Alasiri je?"

"Alasiri wewe sali tu, bibi."