El Santo: mwanamieleka aliyezikwa na kinyago chake

Mwaka 1942, jijini Mexico City, alipanda ulingoni mwanamieleka aliyevaa kinyago cha rangi ya fedha. Alijiita El Santo, yaani Mtakatifu, ila mwenendo wake ulikuwa wa mtu mkorofi: anapiga nje ya kanuni, anamshambulia mpinzani aliyekwisha kuanguka, refa hamsikilizi. Kwa lugha ya mabanda yetu ya video, huyu hakuwa steringi. Alikuwa adui, tena adui wa kuzomewa.

Alipofariki mwaka 1984, maelfu ya watu walijitokeza kumzika kama shujaa wa taifa. Mimi ni mpenzi wa mieleka, filamu za zamani zenye mashabiki sugu, katuni na visasili, na simjui mwingine aliyeishi ndani ya vyote vinne kama yeye. Wengi hudhani ni ulingo uliomfikisha pale. Mimi nasema ni katuni, na ulingo ulifuata nyuma.

Tuanze na mchezo wenyewe. Lucha libre, mieleka ya Mexico, ilipata mfumo wake mwaka 1933, Salvador Lutteroth alipoanzisha kampuni ya kuandaa mapambano. Mshindi ni yule anayeshinda raundi mbili kati ya tatu. Wachezaji wako kambi mbili: técnico, anayefuata kanuni na kucheza kwa ufundi, na rudo, mkorofi. Kinyago kiliingia mwaka uliofuata kikiwa kichwani mwa Mmarekani, na mtu aliyeshona vinyago vya mwanzo alikuwa fundi viatu, Antonio Martínez. Vilikuwa vya ngozi, vikifungwa kwa kamba kisogoni.

Ndiyo maana siwaungi mkono wanaosema kinyago hiki kimerithiwa moja kwa moja kutoka kwa Waazteki, wenyeji waliotawala Mexico kabla ya Wahispania. Kimetoka kwenye meza ya fundi viatu. Hata hivyo kiliingia katika nchi yenye kumbukumbu zake. Kwa ajili ya sikukuu ya Toxcatl, Waazteki walimchagua kijana miongoni mwa mateka, wakamvika mapambo ya mungu Tezcatlipoca, na kwa mwaka mzima watu wakamheshimu kama mungu mwenyewe, hadi siku ya kumtoa kafara. Kisha akachaguliwa mwingine. Uungu ulikuwa umebebwa na mavazi, mvaaji alipita. Mtu anayelijua hilo hashangai kuona kwamba pambano kubwa kuliko yote katika lucha libre si la mkanda, ni la kinyago dhidi ya kinyago. Anayeshindwa anavuliwa hadharani, jina lake halisi linatangazwa, na kinyago kile hakivai tena.

El Santo alicheza pambano la namna hiyo tarehe 7 Novemba 1952, dhidi ya Black Shadow, akashinda, na Black Shadow akabaki uso mtupu mbele ya umati. Silaha yake maarufu iliitwa la de a caballo, aliyoipata kwa mwenzake Gory Guerrero. Mpinzani amelala kifudifudi. El Santo anamkalia mgongoni, anaikamata mikono yake na kuipachika juu ya mapaja yake mwenyewe, mmoja kushoto, mmoja kulia. Kisha anafunga viganja chini ya kidevu cha yule bwana na kuvuta kwa nyuma, polepole. Shingo inapinda, uti wa mgongo unapinda, na mikono haina pa kushika. Kinachobaki ni kusalimu amri.

Lakini angalia tarehe. Mwaka huohuo wa 1952 mchapishaji José G. Cruz alianza kutoa jarida la katuni la El Santo, na hapo ndipo kila kitu kilipobadilika. Cruz hakutegemea mchoro peke yake. Alimpiga El Santo picha halisi akiwa na kinyago na joho lake, akazikata, akazibandika juu ya mandhari ya kuchorwa: makaburi, mapango, majumba ya wachawi. Msomaji aliona mwili wa kweli wa mtu anayeweza kumkuta ukumbini wikiendi, uso kwa uso na jitu la kuchora. Superman hakuwa na hilo. Huwezi kukata tiketi ukamwone Superman.

Katika kurasa hizo El Santo ni mtetezi wa wanyonge, mwenye kinga ya Bikira Maria wa Guadalupe. Ulingoni, usiku uleule, bado ni rudo anayezomewa! Hali hiyo ilidumu miaka kumi. Ni mwaka 1962 tu alipovuka rasmi na kuwa técnico, na kufikia hapo watoto waliomsoma kwenye majarida walishakuwa vijana. Ulingo ulikubali kile ambacho karatasi ilikwisha kukiamua.

Sinema nayo ilikopa huko huko. Mbili za kwanza alizocheza zilipigwa Cuba mwaka 1958, siku za mwisho kabla Fidel Castro hajaingia Havana. Baada ya hapo zilifuatana hadi zikapita hamsini, akipigana na vampaya, wanasayansi wendawazimu na viumbe kutoka sayari nyingine. Bajeti ni ndogo, na hadithi husimama katikati ili tuangalie pambano zima la mieleka. Ninazipenda kwa sababu hakuna mtu ndani yake anayeshangaa kumwona mpelelezi mwenye kinyago na suti. Polisi wanampigia simu, anakuja, basi.

Nje ya kamera pia alishika mwiko wa kutovua kinyago. Hakuonyesha uso hadharani, na alikuwa na kinyago maalumu chenye nafasi kidevuni cha kulia chakula. Januari 1984, katika kipindi cha televisheni, alikiinua kidogo na sehemu ya uso wake ikaonekana. Tarehe 5 Februari moyo ulimsimama baada ya onyesho jukwaani. Rodolfo Guzmán Huerta, mzaliwa wa Tulancingo, alizikwa na kinyago chake. Mwanawe alikuwa tayari ameshaanza kuvaa cha kwake, chini ya jina El Hijo del Santo. Mvaaji alipita, mavazi yakabaki.

Kama unataka kuanza kutazama, mimi ningeanza na Las momias de Guanajuato ya 1972. Maiti zilizokauka za Guanajuato ni za kweli. Zilianza kufukuliwa makaburini mwaka 1865, za wale ambao jamaa zao hawakulipa ushuru wa kaburi, na hadi leo zinaonyeshwa katika makumbusho ya mji huo. Kwenye filamu zinafufuka, na wanamieleka wenzake Blue Demon na Mil Máscaras wanapambana nazo karibu muda wote. El Santo anafika mwishoni na bastola za kurusha moto, anamaliza kazi. Ukishaiona, nenda Santo vs. las mujeres vampiro ya 1962, yenye vivuli vya rangi nyeusi na nyeupe vilivyopigwa kwa uangalifu mkubwa. Tafuta ya Kihispania yenye maandishi chini. Ile iliyotiwa sauti za Kiingereza ilimbadilisha jina ikamwita Samson, na El Santo bila jina lake si El Santo.