Nani Hubaki Faili Likishakamilika?

Mwaka jana mwanafunzi mmoja wa uzamivu aliingia ofisini kwangu saa mbili asubuhi, kompyuta yake mkononi ikiwa bado wazi. Alikuwa anapakua picha za setilaiti za bonde analolitafiti, gigabaiti 40 hivi, kutoka kwenye seva ya taasisi moja ya nje. Upakuaji ulikuwa umekatikia njiani kwa mara ya tatu, na kila ulipokatika seva ile ilimrudisha mwanzo. Bando alilonunua kwa fedha yake lilikuwa limekwisha. Nilidhani amekuja kuomba intaneti ya ofisi, kumbe alikuwa na swali: "Mwalimu, hivi mimi ndiye mtu wa kwanza hapa kulihitaji faili hili?"

Hakuwa wa kwanza. Nilimfahamu mtafiti mwingine aliyelipakua miezi michache kabla, na ofisi yake iko ghorofa ya juu yetu. Lile faili lilikuwa mita kumi kutoka tulipoketi, nasi tulikuwa tunalifuata ng'ambo ya bahari.

Kazi yangu ni kutunza data za utafiti chuoni, na swali lile ndilo limenifanya niandike haya. Wanasayansi wa kompyuta wamelitafiti suala lililo nyuma yake, la watu kugawana mafaili wenyewe kwa wenyewe bila kutegemea seva moja, kwa zaidi ya miaka 20, na mengi waliyoyagundua yanahusu watu kuliko nyaya: nani hutoa, nani hupokea tu, na nini humfanya anayetoa aendelee kutoa.

Tuanze na hesabu. Chukua seva inayoweza kutoa megabiti 100 kwa sekunde (biti nane ni baiti moja), na wanafunzi 100 wanaolitaka faili la gigabaiti 40. Ikimhudumia kila mmoja peke yake itabidi itoe gigabaiti 4,000, na hata isipopumzika itachukua karibu saa 89, yaani zaidi ya siku tatu na nusu. Lakini kinachotoka mle ni kitu kilekile, kinarudiwa mara mia. Nakala moja tu ingetoka kwa dakika 53 hivi. Kama kila kipande kingetoka mara moja, kisha wanafunzi wakapeana wenyewe kwa wenyewe, mzigo wa seva ungeishia hapo.

Watu wa pwani wanakijua kikoa: kila mmoja analeta alichonacho, wote wanakula. Mitandao ya mwanzo ya kugawana mafaili ilikuwa kikoa kisicho na anayeangalia nani kaja mikono mitupu. Mwaka 2000 Eytan Adar na Bernardo Huberman wa maabara ya utafiti ya Xerox PARC, California, waliupima mtandao wa Gnutella. Walikuta karibu asilimia 70 ya watumiaji hawakuweka faili hata moja kwa ajili ya wengine, na karibu nusu ya majibu yote yaliyotolewa mtandaoni yalitoka kwa asilimia 1 tu ya kompyuta zilizokuwa zikigawa. Kundi dogo lilikuwa linailisha jamii nzima.

Mwaka uliofuata Mmarekani Bram Cohen alianza kuandika BitTorrent, programu ya kugawana mafaili, na mwaka 2003 akaeleza mantiki yake katika makala fupi ambayo mpaka leo nawapa wanafunzi wangu waisome. Faili linakatwakatwa vipande, katika makala ile robo megabaiti kila kimoja, na kila kipande kinapigwa muhuri wa kihesabu. Ukipokea kipande kutoka kwa mtu usiyemjua, kompyuta yako inakokotoa muhuri wake na kuulinganisha na ule ulioandikwa kwenye torenti, yaani faili dogo la maelezo unaloanza nalo. Usipolingana, kipande kinatupwa na kuombwa upya. Hii ndiyo sababu huhitaji kumwamini anayekugawia, na ndiyo sababu umeme ukikatika huanzi upya: vipande ulivyokwisha kupata vinabaki vyako. Bandu bandu huisha gogo. Muhuri wa awali ulikuwa wa aina iitwayo SHA-1. Baada ya watafiti wa Amsterdam na Google kuonyesha mwaka 2017 kwamba unaweza kughushiwa, haja ya kuuacha ikawa wazi, na toleo la pili la BitTorrent linatumia aina imara zaidi, SHA-256.

Kuhusu walaji wa bure, Cohen alichagua nipe nikupe. Kompyuta yako inawagawia watu wachache kwa wakati mmoja, kwa kawaida wanne, na inawachagua kwa kuangalia ni nani wanaokupa kwa kasi zaidi. Kila sekunde 10 inapima upya. Mkono mtupu haulambwi. Ila hapo pana tatizo, maana aliyeingia sasa hivi hana kipande hata kimoja cha kutoa, na kwa sheria hiyo angekaa mlangoni milele. Kwa hiyo nafasi moja hutengwa kwa mtu yeyote bila kudaiwa chochote, nayo huzungushwa kila sekunde 30. Mgeni anapewa kipande cha kuanzia, kisha naye anatarajiwa ashike jembe. Wazee wetu walimpa siku mbili kabla ya jembe. BitTorrent inampa nusu dakika.

Jambo jingine ni kipande cha kuomba kwanza. Kikoa ambacho kila mtu amekuja na mchele hakina mchuzi. Kwa hiyo kila kompyuta huomba kwanza kipande ambacho wachache zaidi wanacho kati ya wale iliounganishwa nao, ili kisije kikapotea mwenye nacho akizima mashine. Watafiti wengi walidhani kanuni nyepesi namna hii haitoshi, wakapendekeza mbinu ngumu zaidi. Mwaka 2006 Arnaud Legout wa taasisi ya utafiti ya INRIA, Ufaransa, na wenzake wa chuo cha Eurecom walipima makundi halisi ya wapakuaji wakaonyesha kwamba kanuni hii na ile ya nipe nikupe zinatosha. Naipenda tafiti ya namna hii, inayokwenda kupima kabla ya kurekebisha kisichoharibika.

Je, mpango wote unafanya kazi watu wakijaa? Toleo la 9 la Linux ya Red Hat, mfumo wa kuendeshea kompyuta, lilipotolewa mwaka 2003, faili lake lilikuwa na gigabaiti 1.77. Watafiti wa Eurecom walifuatilia torenti yake kwa miezi mitano. Kompyuta takriban 180,000 zilipita humo, zaidi ya 50,000 kati yake katika siku tano za kwanza, siku ambazo seva ya kawaida ingezidiwa. Kundi lile lilistahimili, kwa sababu kila aliyekuja kuchukua alikuja pia na uwezo wa kutoa.

Waliotaka kuuvunja mpango huu nao walijitokeza, na kazi yao ina thamani ileile. Mwaka 2006 kikundi cha chuo kikuu cha ETH Zurich, Uswisi, kiliandika programu inayopakua bila kutoa hata baiti moja, ikiishi kwa ile nafasi ya mgeni na kwa wenye faili zima. Ilifanikiwa. Mwaka uliofuata Michael Piatek na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, waliandika nyingine yenye hila zaidi: inatoa, lakini kwa kipimo kidogo kinachotosha tu kurudishiwa. Katika majaribio yao kasi iliongezeka kwa takriban asilimia 70. Maelezo yao ndiyo yaliyonikaa moyoni. Walionyesha kwamba kinachoubeba mtandao ni wenye laini kubwa, ambao hutoa kuliko wanachorudishiwa. Nipe nikupe ipo, lakini chini yake kuna ukarimu ambao haukuandikwa kwenye kanuni yoyote.

Sasa turudi kwenye swali la mwanafunzi: kama kuna aliyelichukua faili kabla yake, mbona hayupo wa kumgawia? Nipe nikupe humfunga mtu maadamu bado anataka kitu. Akishashiba, hana cha kudai na hana cha kuogopa. Johan Pouwelse na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Delft, Uholanzi, walichapisha mwaka 2005 vipimo vya faili moja lililopendwa sana. Kati ya wapakuaji 53,883 walioweza kufikiwa moja kwa moja, ni asilimia 17 tu waliobaki zaidi ya saa moja baada ya faili lao kukamilika. Waliozidi saa 10 walikuwa asilimia 3.1. Waliozidi saa 100 walikuwa 183, yaani asilimia 0.34.

Filamu au mchezo wa kompyuta hauumii sana kwa hili, kwa kuwa kila siku wanaingia wapya wenye njaa. Data za utafiti ni tofauti kabisa. Picha za bonde moja la mto zitahitajiwa na mtu mmoja mwezi huu, mwingine baada ya miezi minane, wa tatu baada ya miaka miwili. Hawatakutana kamwe. Kundi la watu ambao hawako pamoja kwa wakati mmoja haliwezi kupeana chochote, hata kanuni ziwe nzuri namna gani. Lazima awepo anayebaki macho kati ya mmoja na mwingine. Ndiyo kazi ya maktaba tangu zamani, na naamini kwa dhati kwamba maktaba za vyuo vyetu zinapaswa kuichukua.

Joseph Paul Cohen na Henry Lo wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Boston, waliliona hili wakajenga Academic Torrents, waliyoielezea mwaka 2014. Hapo wanasayansi huweka torenti za data zao, na taasisi yoyote inaweza kuchagua mkusanyiko inaoujali na kukaa nao. Gharama yake ni diski na kompyuta isiyozimwa.

Kwetu kuna jambo la umbali pia. Kwa asili BitTorrent huwachagua wenzako kwa bahati nasibu, bila kujali wako wapi. Ofisi mbili za jengo moja zinaweza zisionane, kila moja ikavuta vipande kutoka Ulaya. Mwaka 2008 zilitoka tafiti mbili za kutibu hilo. Moja, iliyohusisha Chuo Kikuu cha Yale, ilipendekeza kampuni za intaneti ziiambie programu nani yuko karibu. Nyingine, ya David Choffnes na Fabián Bustamante wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, haikusubiri kampuni: ilikisia kwamba kompyuta mbili zinazoelekezwa kwenye seva zilezile na mitandao mikubwa ya kusambaza maudhui huenda ni majirani. Nadhani sisi tuna sababu kubwa kuliko wao ya kuzisoma tafiti hizi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu baharini upande wa Afrika Kusini, intaneti ilidhoofika Tanzania na nchi jirani kwa siku kadhaa. Data iliyokuwa Ulaya ilibaki Ulaya. Iliyokuwa imehifadhiwa hapa iliendelea kupatikana hapa.

Vikwazo vipo. Bando za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya intaneti, hivyo mwenzako wa nje hawezi kukufikia kwa urahisi, na kundi lenye watu wengi wa hivyo hulegea. Vyuo vingi navyo huzuia torenti zote kwa kuogopa lawama za uharamia. Hofu hiyo naielewa. Kupakua kazi ya msanii bila kumlipa ni kumnyima haki yake, na sitetei hilo. Lakini hata lawama zenyewe zinahitaji kupimwa. Mwaka 2008 Piatek na wenzake wawili walionyesha kwamba waliokuwa wakiwasaka wapakuaji haramu mara nyingine walichukua tu orodha ya anwani kutoka kwenye seva inayowakutanisha wapakuaji wa torenti, bila kuhakiki kama anwani hiyo ilikuwa na kipande chochote. Watafiti waliingiza humo anwani za printa za chuo chao. Barua za kudai kwamba printa zimepakua filamu zikafika.

Kuna data ambazo nakataa kabisa kuziweka kwenye torenti. Taarifa za wagonjwa, au majina ya wahojiwa wa kijijini, zikishatawanyika haziwezi kuitwa zirudi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ilipata yake mwaka 2019, na hata bila sheria jibu langu lingekuwa hilohilo. Data inayobadilika kila wiki haifai pia, kwani ukigusa baiti moja mihuri inabadilika na kundi linaanza upya.

Tulichofanya sisi ni kidogo. Tuliomba kibali kwa wanaosimamia mtandao wa chuo, wakafungua mlango mmoja kwa kompyuta moja. Mashine yenyewe ilikuwa imestaafishwa maabara. Tuliiongezea diski mbili za terabaiti 8. Kabla ya kuweka mkusanyiko wowote tunasoma leseni yake, maana kuruhusiwa kusoma siyo kuruhusiwa kugawa. Zile picha za setilaiti zilikuwa na leseni inayoruhusu, kwa hiyo tulizichukua kwa mtafiti wa ghorofa ya juu kwa diski ya mkononi, tukatengeneza torenti, na mwanafunzi akazipakua kupitia mtandao wa ndani wa chuo. Aliiacha mchana, akarudi baada ya swala ya alasiri, akakuta imekamilika.

Aliniuliza kama sasa aifunge ile programu. Nikamwomba aiache mpaka ofisi ifungwe. Wiki iliyopita ripoti ya mashine ile ilionyesha kwamba kuna mtu, kwenye mtandao wa chuo kingine hapa nchini, aliyechukua faili lilelile lote usiku mmoja.