Kwanini sabuni inachukua miezi miwili kufika Masisi

Juzi mdogo wangu, ana duka la jumla Mwanza, kaniuliza lile swali ninaloulizwa kila nikirudi likizo. Eti nyie watu wa misaada mna hela, mna Landkruza, ofisi ina jenereta, sabuni mnashindwaje kuifikisha kwa wiki mbili? Mi nikiagiza Dar Ijumaa, Jumatatu fuso iko mlangoni inashusha. Nikamwambia subiri nikuandikie, manake kwa simu tutagombana tu na vocha yangu itaisha.

Kwa asiyenijua, mimi ni mtu wa logistiki, yaani manunuzi, stoo na magari, na sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi imeishia Goma, Kivu ya Kaskazini, mashariki mwa Kongo. Masisi iko huko huko, kwenye milima. Naongelea ninachokijua, kwingine wanaweza kuwa na yao.

Tuanze na nukuu tatu za bei. Kila shirika lina hiyo sheria, ukitaka kununua kitu cha kiasi fulani leta profoma tatu za wauzaji tofauti, kamati ikae, ichague. Kwa Dar inafanya kazi vizuri tu. Sasa kuna kipindi tulikuwa tunatafuta sabuni kwa ajili ya watu waliokimbia vita, na hesabu yake sio ngumu, viwango vya Sphere, vile vya kimataifa vya misaada, vinataka kila mtu apate gramu 250 za sabuni ya kuogea na 200 za kufulia kwa mwezi, kwa hiyo watu 10,000 ni tani nne na nusu, hata fuso haijai. Zikaja profoma tatu, kampuni tatu, mihuri mitatu, bei zimepishana kidogo kidogo kama inavyotakiwa. Mwenzangu mmoja Mkongo, mama aliyeanza kazi hizi wakati mimi bado niko sekondari, akazipanga mezani akaziangalia afu akaanza kucheka peke yake. Zote tatu zimeandika neno la Kifaransa la sabuni kwa kosa moja, n mbili mwishoni. Mtu mmoja kakaa kwenye kompyuta moja kashindana na nafsi yake mara tatu.

Mkaguzi kutoka makao makuu hapo atasema wizi, futa wote. Mi siku hizi siendi haraka hivyo. Kwenye mji uliozungukwa na vita waagizaji wenye mzigo wa maana stooni wanaweza wakawa wawili au watatu tu, wengine wote wenye maduka wanachukua kwao, sasa ukiwafuta wote kesho utanunua kwa nani? Tulichofanya ni kwenda Birere, mtaa wa biashara hapo Goma, kwa miguu, bila fulana za shirika, tukauliza bei kama wateja wa kawaida, mche mmoja bei gani, katoni bei gani, nikichukua katoni hamsini je. Bei ya Birere ndiyo refa wangu mpaka leo. Tukarudi tukatangaza tenda upya, bahasha zimefungwa, na anayeomba mzigo sio anayenunua, anayenunua sio anayepokea stoo. Hiyo ya kutenganisha watu watatu naithamini kuliko hizo nukuu tatu, manake karatasi unaifoji ila watu watatu wasiopendana kuwapanga ni kazi kweli.

Na bado nikachemsha. Tukachagua wa bei ya chini kabisa, kamati ikafurahi, mimi nikafurahi, sabuni ikapokelewa vipande vya gramu 200 safi. Barabara ikafungwa, sabuni ikakaa stooni chini ya bati wiki kadhaa na lile joto la mchana, siku ya kugawa mtu wa stoo akaweka kipande kwenye mzani, gramu 160. Nikaweka kingine, 158. Hakuna aliyeiba, ilikuwa imejaa maji tu, imekauka. Tangu siku hiyo kwenye oda zangu siandiki uzito peke yake, naandika na kiwango cha mafuta yaliyomo na cha maji kisichozidi, na muuzaji ananiangalia kama vile nimemtukana.

Kosa lingine ni la aibu zaidi ila nalisema. Nilishawahi kuagiza mahema yenye vigingi vya chuma, yale ya kupigilia ardhini, kwa ajili ya kambi upande wa volkano ya Nyiragongo. Ambaye hajafika Goma hatojua, mji umekaa juu ya lava, volkano ilimwaga 2002 ikamwaga tena Mei 2021, na kambi nyingi za pembezoni zilikuwa juu ya jiwe jeusi tupu. Kigingi hakiingii hata sentimita. Hata choo huchimbi, unakijenga kwenda juu. Vigingi vyangu vikakunjwa kama waya za kuanikia nguo, tukaenda kununua kamba na miti na kujaza mawe kwenye viroba ndio mahema yakasimama. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote nenda kakanyage pale kitakapotumika, usiniambie una picha.

Sasa njia. Mzigo wa kutoka nje una mlango wa Mombasa au wa Dar. Wa Mombasa unapita Malaba, Kampala, unaingilia mpaka wa Bunagana kisha Rutshuru mpaka Goma, wa Dar unapita Dodoma, Kahama, Rusumo, Kigali, unatokea Gisenyi, mji wa Rwanda unaopakana na Goma. Kwenye ramani ni mistari miwili mizuri tu. Ila Bunagana waasi wa M23 waliuchukua tarehe 13 Juni 2022, kwa hiyo ule mstari wa kwanza ukawa swali la kisiasa, na hata kabla hujafika huko meli nyingi za kutoka Ulaya zimekuwa zikizunguka Afrika Kusini tangu mashambulizi ya Bahari ya Shamu yalipoanza mwishoni mwa 2023, unaongeza kama wiki mbili hapo kontena haijaona hata bandari. Halafu kuna karatasi inaitwa FERI, ya mizigo inayoingia Kongo, isipokatwa mapema unakwama, na karatasi ya msamaha wa kodi inatoka Kinshasa, zaidi ya kilomita elfu moja na mia tano kutoka Goma. Mwaka 2025 mambo yakawa magumu zaidi, Goma ikachukuliwa na M23 mwishoni mwa Januari, Bukavu ya Kivu ya Kusini ikafuata Februari, sasa karatasi imesainiwa Kinshasa ila anayesimama mpakani hamtambui aliyesaini. Na M23 wako kwenye orodha ya vikwazo ya Umoja wa Mataifa tangu tarehe 31 Desemba 2012, kwa hiyo ushuru mdogo tu unaodaiwa pale na kijana mwenye kitabu cha risiti unaweza kukupeleka pabaya wewe na mfadhili wako. Dogo anadhani nasubiri gari. Gari liko, dereva kalala chini yake, mi nasubiri barua.

Ukifika Goma bado. Semi haipandi Masisi, lazima ufaulishe mzigo uingie kwenye fuso. Hapa hesabu ya chakula ndio inakuonyesha vizuri, chukua mgao wa mtu mmoja kwa siku, nafaka gramu 400, maharage 60, mafuta 25, chumvi 5. Jumla 490. Mara siku 30 ni kilo 14.7, mara watu 10,000 ni tani 147. Semi tano zinaubeba mpaka Goma. Kwa fuso za tani kumi ni fuso kumi na tano, madereva kumi na tano, taniboi kumi na tano, tairi zao, dizeli yao, na woga wao. Kutoka Goma mpaka Masisi mjini ni kama kilomita 80, mvua ikinyesha ukishapita mji mdogo wa Sake unaanza kupanda kwenye tope na gari moja likilala katikati foleni yote inalala. Nimewahi kuwauliza wasafirishaji watano bei ya huko, wawili hawakupokea simu tena.

Na usalama sio kitu unachonunua. Tarehe 22 Februari 2021 msafara wa WFP, lile shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, ulishambuliwa barabara ya Goma kwenda Rutshuru, balozi wa Italia Luca Attanasio akauawa, na mlinzi wake Vittorio Iacovacci, na dereva Mustapha Milambo. Ile barabara ilikuwa imeshapitishwa kwamba inapitika bila ulinzi. Baada ya hapo kila ninaposaini ruhusa ya gari kutoka nasoma jina la dereva mara mbili.

Vizuizi vya barabarani, huko wanaita baria, ndio sehemu ambayo watu wa ofisini hawapendi tuizungumzie. Kamba imefungwa kuvuka barabara, upande mmoja jiwe, upande mmoja kijana. Mkataba wangu na msafirishaji umeandika wazi hakuna kulipa chochote, na nausimamia, dereva akikwama anapiga simu, watu wetu wa mahusiano wanaongea na wakubwa wa yule kijana, inaweza kuchukua saa moja au siku tatu. Hizo siku tatu nalipa hela ya gari kulala, na mhasibu ananuna. Mi naona bora anune. Ukilipa mara moja umeweka bei, na kesho bei imepanda kwa kila gari la kila shirika nyuma yako. Ila nisijifanye malaika, nikiona msafirishaji kanitajia bei ya juu kidogo kuliko mafuta na umbali vinavyosema, najua ndani yake kuna nini. Siku moja dereva mmoja aliyekwama nilimuuliza kwa simu, njia imeharibika? Akanijibu kwa Kiswahili chao, "Patron, njia iko, shida ni batu." Batu ni watu.

Njia ya Ziwa Kivu nayo usiione rahisi. Barabara ya Minova ilipokatika watu na mizigo wakahamia kwenye maboti, na tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ikazama karibu kabisa na bandari ya Kituku, Goma, watu wanaiona kwa macho toka ufukweni, ilikuwa imejaza kupita kiasi. Kwa hiyo ukikodi boti la mizigo kagua maboya ya kuokolea kwanza ndio uulize bei kwa tani.

Hela nayo ni mzigo, unaweza kusema ni mzigo mgumu kuliko wote. Goma ilipochukuliwa benki zilifunga, uwanja wa ndege ulikuwa umefungwa pia, muuzaji anataka dola taslimu na dola huko Kongo lazima iwe imenyooka, ikiwa na mchaniko kama wa ukucha tu pembeni hapokei mtu. Watu wakawa wanavuka Gisenyi kutafuta noti. Kipindi hicho nimekaa na mhasibu dirishani tunakagua noti moja moja kwenye mwanga kama wauza dhahabu, hii hapana, hii sawa, hii ya zamani sana hapana. Wapagazi wa kushusha mzigo tuliwalipa kwa simu, nao wakalalamikia makato ya kutolea, wana haki.

Sasa lile swali lenyewe, kwanini hatujazi tu stoo mapema kabla barabara haijakatika? Tunajaza. Kila mtu wa logistiki anafundishwa hivyo, weka mzigo karibu na watu kabla ya mvua, kabla ya mapigano. Halafu mapigano yanakuja kwenye stoo yenyewe. Bukavu Februari 2025 stoo za WFP ziliporwa karibu tani 7,000 za chakula. Kwa ule mgao niliouhesabu pale juu hiyo ni kama watu 476,000 kwa mwezi mzima. Goma nako stoo za mashirika zilivunjwa, dawa zikaondoka na majokofu ya kuhifadhia. Ukiweka vitu vingi unawekea waporaji, ukiweka kidogo barabara ikifungwa mtoto mwenye utapiamlo anasubiri katoni moja ya chakula tiba, pakiti 150, iliyoko Kampala. Mimi siku hizi nagawanya, stoo ndogo tatu badala ya kubwa moja, kila moja mzigo wa wiki chache, na kingine kinabaki kwa muuzaji kwa mkataba wa bei kwamba nikipiga simu anatoa. Inagharimu zaidi, walinzi mara tatu, leja mara tatu, na panya mara tatu. Makao makuu waliniuliza kwanini gharama za stoo zimepanda, nikawatumia picha ya stoo moja iliyobaki na mlango tu.

Ile sabuni ya tenda ya pili? Ilitoka Goma Jumanne na fuso moja. Sake ikalala siku mbili, baria moja masaa manne, tope siku tatu, taniboi mmoja akaugua malaria akaachwa zahanati njiani. Ikafika siku ya tisa jioni. Mama mwenyekiti wa kamati ya wakimbizi alikuwa anahesabu katoni kwa kuhamisha vijiwe toka mkono wa kulia kwenda wa kushoto, akafika mwisho akasema zimepungua mbili, dereva akasema hazijapungua, wakahesabu upya na tochi ya simu, zikapungua moja. Akaandika hivyo hivyo kwenye weibili, ile karatasi ya mzigo, moja imepungua, akaweka dole gumba. Dereva ile katoni nilimkata kwenye malipo, na bado mpaka leo haniamkii.